Jumapili za Mzee Boila

Chuoni pale kulikuwa na maprofesa wanaojulikana kwa vitabu, madaktari wanaojulikana kwa mikoba, na kulikuwa na Mzee Boila, aliyejulikana kwa maji ya moto. Kwa miaka ishirini na saba alikaa chini kule, nyuma ya jiko kuu, kwenye chumba chenye kuta zilizopakwa rangi na moshi wenyewe, akililisha kuni boila lenye ukubwa wa basi dogo. Mvuke wake ndio uliopika chakula cha wanafunzi elfu moja na mia nne. Hakuna aliyemtaja siku boila lilipokuwa zima. Likikohoa mara moja tu, hata mlinzi wa getini alikuwa anauliza, "Mzee Boila yuko wapi leo?"

Kisomo chake kilikuwa cha kuokoteza, nusu darasani na nusu masizini. Lakini usimdharau, maana wewe na mimi na shahada zetu tukiwekwa mbele ya boila tutalisikia linanguruma tu, basi. Yeye alikuwa analisikia likiongea. Anaweka mgongo wa mkono kwenye bomba, anafumba jicho moja, anasema, "Huyu ana kiu," au, "Huyu leo ana kichwa." Na kweli, ukitazama kipimo, maji yamepungua au presha imepanda.

Somo lake kubwa alilipata kwa fundi mzee aliyemfundisha kazi. Fundi yule alikuwa na kovu lililoanzia kifundo cha mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko. Siku ya kwanza kazini alikunja shati, akamwonyesha kovu, akasema, "Hili nililipata siku tulipoacha boila likapoa, halafu wakubwa wakataka mvuke haraka haraka. Chuma baridi hakiharakishwi. Usiku au mchana, likizo au sikukuu, liachie roho kidogo." Mzee Boila akaapa. Na kiapo chenyewe alikishika sawasawa, isipokuwa Jumapili tu, siku ambayo jiko halipiki na mkewe hataki kusikia habari ya boila. Siku hiyo boila lilijilia makaa ya Jumamosi mpaka Jumatatu alfajiri.

Halafu ukaja mradi.

Mradi ulikuwa wa idara tano kwa pamoja. Wahandisi, wachumi, wanasheria, watu wa kilimo na watu wa elimu ya jamii walipewa chumba kimoja juu ya jiko, na mlangoni wakabandika karatasi: "Nishati Isiyo na Kaboni kwa Jamii Endelevu." Wiki ya kwanza walibishana saa nzima juu ya maana ya neno gharama. Mchumi alikuwa na yake, mwanasheria na yake, mhandisi akachora na grafu. Chai ikapoa. Mpishi Mkuu, mama mwenye sauti ya kusimamisha gari, aliyepanda kuchukua vikombe, aliteremka akisema, "Wale bado hawajakubaliana kama kiti ni kiti."

Lakini tuwape haki yao, walijenga. Juu ya paa la jiko walipanga vioo virefu vya kufuata jua. Vioo vikachemsha mafuta maalumu ndani ya bomba, na bomba likapeleka joto kwenye tangi la chuma lenye urefu wa ghorofa mbili, lililojaa mchanga mtupu. Ndiyo, mchanga. Mchanga unameza joto mchana, halafu unalitoa taratibu kwa maji yanayopita katikati yake, maji yanakuwa mvuke, mvuke unapika. Hakuna kuni wala moshi. Kwa jua lile lile linalotuchoma bure barabarani, maharage yanaiva.

Msimamizi wa tangi alikuwa binti aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, uhandisi wa joto. Wote walimwita Mtafiti. Mwembamba, mwenye haraka, kalamu mbili nywelani na ya tatu anaitafuta. Tasnifu yake ya miaka mitatu ilikuwa humo ndani ya mchanga. Siku tangi lilipounganishwa na bomba la jiko, aliteremka kwa Mzee Boila.

"Mzee, kuanzia leo boila ni akiba tu. Lizimwe."

"Lizimwe kabisa?"

"Kabisa, baba. Tunataka kupima tangi peke yake."

"Sawa."

Hiyo sawa ndiyo iliyoleta balaa lote.

Kwa sababu saa kumi na moja ya jioni ile ile, kabla hajavua ovaroli, Mzee Boila alisimama mbele ya boila akaona haya, kama mtu anayemfukuza mzazi nyumbani. Mchanga ukishindwa je? Jiko litapiga kelele, wakubwa watateremka, "Mzee, washa haraka!" na chuma kitakuwa baridi. Akalikumbuka lile kovu. Akaenda karakana ya useremala, akaokota vipande vya mbao, akawasha moto mdogo tu, wa kuachia roho. Na kwa kuwa bomba refu la kuunganisha boila na tangi lingeshtuka likipata mvuke ghafla, akaizungusha vali ya kati, koki ya bomba hilo, robo. Robo tu, ili bomba nalo lisilale na baridi. Asubuhi akija anaifunga. Kila siku ya kazi hivyo, miezi mitano, na hakumwambia mtu kwa sababu hakuona cha kuambia. Wewe huwa unatangaza ukifunga mlango wa nyumba yako?

Tena si kweli kwamba hakumwambia mtu. Yupo aliyemwuliza, naye akamjibu. Mtu wa elimu ya jamii, dada mmoja mpole waliyemwita Dada Daftari, alimkalisha mwezi wa pili tangu tangi liunganishwe, akamwuliza mabadiliko haya anayaonaje moyoni. Mzee Boila akamjibu kwa moyo wote, Dada Daftari akaandika kila neno, akasema asante. Hapo pakaisha.

Basi, Jumatatu ya wiki ambayo jopo la kukagua mradi lilikuwa linakuja, Mtafiti aliteremka ngazi mbili mbili, kompyuta kifuani.

"Mzee, njoo uone mtoto wetu!"

Akaiweka kompyuta juu ya pipa. Kulikuwa na mistari miwili. Mmoja mwekundu, ule wa hesabu, ulioonyesha tangi lilitakiwa kubaki na joto kiasi gani kila usiku. Wa pili wa buluu, wa vipimo vya kweli, ulikuwa umelala juu ya ule mwekundu kwa raha zake.

"Unaona? Mchanga wetu unashika joto kuliko hesabu zote! Alhamisi jopo linakuja, tutawaonyesha siku tatu bila jua. Tumeshafunika vioo kwa turubai. Hospitali ya wilaya wamesubiri hili tu. Wakisikia, wanatia saini Ijumaa. Na tangi lao litakuwa dogo kwa theluthi moja, kwa sababu hatuhitaji kubwa. Boila lao la zamani wanaling'oa kabisa."

"Wanaling'oa?"

"Kabisa. Akiba ya nini, wakati mchanga unatosha?"

Mzee Boila alisogeza uso karibu na kioo. Hakujua kusoma tasnifu, lakini mstari ni mstari. Aliona kila siku, baada ya saa kumi na moja jioni, mstari wa buluu ukiacha kuteremka na kujinyoosha kama paka. Siku sita unajinyoosha. Siku ya saba unaporomoka, unaufuata ule mwekundu bega kwa bega. Kisha siku sita tena.

"Na hapa unapoanguka?" akauliza.

"Hizo Jumapili. Hata sisi zilitusumbua. Mchumi akasema ni tabia ya watumiaji, Jumapili wanafunzi wanafua na kuoga sana. Tukaziondoa kwenye hesabu."

Ile raha ya mstari wa buluu haikuwa ya mchanga. Ilikuwa robo yake. Mvuke wa mbao za useremala ulikuwa unapenya bomba la kati, unazunguka katikati ya mchanga, unaupasha kama mama anayemfunika mtoto blanketi usiku. Na siku yake ya mapumziko tangi lilikuwa linapoa kama linavyopoa kweli.

"Kuna nini, baba? Hujafurahi?"

"Nimefurahi," akasema. "Meno ndiyo yananiuma."

Alipoondoka, Mzee Boila alikaa juu ya pipa lile lile. Akimwambia, tasnifu ya binti inakwisha siku tatu kabla ya jopo, na yeye mwenyewe, aliyebakiza miaka miwili kustaafu, anatoka kwa fedheha. Asipomwambia, hospitali inajenga tangi dogo, inang'oa boila, na mvua za wiki moja zikija hakuna mvuke wa kuchemshia vifaa. Na hospitali ile, mtu wangu, ndimo binti yake mkubwa alimokuwa mkunga.

Akafanya wanachofanya watu wote wenye tumbo joto. Akatafuta njia ya katikati. Jioni ile aliwasha moto wake mdogo kama kawaida, lakini vali ya kati akaifunga kabisa. Huenda mchanga ungejitegemea. Ukifika Alhamisi bado una joto la kupika, hakuna haja ya kutoboa siri. Jiko lilihitaji digrii mia na kumi na tano. Kipimo cha tangi kilisoma mia na hamsini na mbili.

Jumanne jioni kilisoma mia na thelathini na saba.

Nyumbani, mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alimtazama akisukuma wali pembeni mwa sahani.

"Baba watoto, chakula kimekukosea nini?"

"Sina njaa."

"Wewe? Usiye na njaa ni wewe au ni pacha wako?"

Simu ikalia. Ni binti yao mkunga, anaongea kwa sauti ya juu kwa sababu wodi ina kelele. "Baba! Tumeambiwa leo kwenye kikao! Tangi lenu linakuja kwetu! Unajua boila letu la zamani likikwama sisi tunachemsha vifaa kwa majiko ya mafuta ya taa? Juzi tumesubiri mkasi wa kitovu dakika arobaini, mama wa watu amelala pale. Mwambie huyo Mtafiti wako Mungu ampe mapacha!"

"Nitamwambia," akasema Mzee Boila, akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Mkewe akaacha kutafuna. "Sema."

"Hakuna kitu."

"Nimekuoa miaka thelathini na moja."

"Mimi ndiye niliyekuoa."

"Ndivyo unavyodhani. Sema."

Alitoka nje, akatazama mawingu, akarudi ndani. Kwa siku zote alizoishi hakuwahi kuyachukia mawingu kama jioni ile.

Jumatano mambo yalianza kwenda mrama. Mtafiti alifika asubuhi akaona namba, akapauka. Akamwita fundi wa vipimo, akamshutumu kwamba kipimajoto chake kimeharibika. Fundi akabadilisha kipimajoto. Namba ile ile. Wakagombana hadharani, fundi akaondoka akitikisa kichwa, akisema wasomi wakikosa wa kumlaumu humlaumu mwenye bisibisi. Profesa, mkuu wa mradi, mtu mkubwa wa tumbo na wa jina, aliteremka mara tatu siku hiyo, yeye ambaye kwa kawaida hakuteremka kabisa.

"Kuna mahali panavuja," alisema Mtafiti. "Lazima. Haiwezekani miezi mitano likae vizuri, leo liugue." Alipanda ngazi ya tangi, akafungua blanketi la kuzuia joto, akawa anapapasa chuma kwa viganja kama anayetafuta funguo gizani. Macho yamemwiva.

Mzee Boila hakuweza kumtazama. Akapanda naye. Akaweka mgongo wa mkono kwenye shingo ya tangi, pale mabomba yanapoingilia, akasimama kidogo.

"Hapa pana joto kuliko pengine, binti. Hapa panatoroka."

"Hapo palikuwa hivyo hivyo tangu mwanzo, baba. Hapo hapaelezi lolote." Halafu akakaa kwenye kidato cha ngazi, akaongea kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Mama yangu ameuza kibanda chake cha nguo ili nimalize hii. Kesho nitasimama pale niseme nini?"

Maneno yalimfika Mzee Boila kwenye ncha ya ulimi. Yalifika kabisa. Profesa akaita kutoka chini, na yakarudi yalikotoka.

Jioni, mia na ishirini na mbili.

Alhamisi, saa moja asubuhi, mia na kumi na nne.

Jopo lilifika saa nne, watu watano kwa gari moja, wakapandishwa chumba cha juu. Mwenyekiti wao alikuwa mama mwenye miwani kwenye ncha ya pua, wa aina ile anayekutazama ukajikuta unachomekea shati. Walipangiwa kusikiliza maelezo saa moja, kisha wateremke waone chakula cha mchana kikiiva kwa jua la Jumatatu.

Saa nne na nusu Mpishi Mkuu aliingia chumba cha boila na mwiko mkononi.

"Kaka, maharage yangu yanaoga! Hayachemki, yanaoga! Yamekaa kwenye maji ya vuguvugu kama wazee wa baridi yabisi!"

"Nimesikia, dada."

"Umesikia? Basi fungua."

"Nifungue nini?"

Mpishi Mkuu aliweka mwiko kiunoni. "Tusichezeane. Mimi asubuhi nikifika bomba langu lina joto kila siku, Jumatatu peke yake halina. Unadhani nilifikiri ni malaika? Fungua hiyo robo yako. Fungua hata nusu. Dakika ishirini tu sufuria zinaimba, wageni wanateremka, wanaonja, wanakwenda zao. Binti wa watu anapata shahada. Nani atajua?"

Mzee Boila alikuwa tayari ameshika gurudumu la vali. Chuma kilikuwa vuguvugu kiganjani. Nyuma yake boila lilikuwa na roho ya kutosha, alikuwa analisikia linapumua. Ni robo tu. Mkono ulikuwa unajua njia hata bila yeye. Ukasogea upana wa ukucha, akasikia mvuke unapiga mluzi mwembamba ndani ya bomba, kama mtu anayemwita kwa siri.

Akafikiria mkasi wa kitovu, dakika arobaini.

Akairudisha. Akaifunga mpaka ikagoma.

"Kaka, una wazimu?"

"Jumapili zinajua, dada," akasema. "Zimekaa pale kwenye mstari zinatazama."

Akatoka na ovaroli yake na viatu vyake vya masizi, akaanza kupanda ngazi za kwenda chumba cha juu, ngazi ambazo kwa miaka ishirini na saba alikuwa amezipanda mara mbili. Katikati akakutana na Mtafiti anashuka kwa mbio.

"Baba, nilikuwa nakuja kwako! Wakiteremka sasa hivi tumekwisha. Boila linaweza kuwashwa kwa muda gani?"

"Boila linawaka, mwanangu."

"Limewashwa na nani?"

"Na mimi. Halijawahi kuzimika." Akaona afadhali aseme yote kwa pumzi moja, kama anayeng'oa jino. "Kila jioni nililiachia moto mdogo, na vali ya kati nikafungua robo. Joto la usiku lilikuwa langu. Tangi lako halijaugua. Tangu Jumatatu nimefunga, ndiyo unaliona lilivyo."

Mtafiti alishika mbao za kuegemea ngazi.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nizime."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili. Jumapili sipo."

"Umeniua, mzee." Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomkata maini. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi, kalamu moja ikamdondoka nywelani ikagonga kidato, kidato, kidato, mpaka chini. Mzee Boila alisimama kama mtoto aliyevunja bakuli, hajui aondoke au asubiri fimbo.

Kisha binti akainua kichwa polepole.

"Jumapili ngapi?"

"Sijui. Wewe ndiye msomi."

"Ishirini na mbili," akasema. "Tulizitupa. Ishirini na mbili." Akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Twende."

"Wapi?"

"Juu. Unadhani nitasema peke yangu?"

Sasa mtu akikueleza kwamba hakuna jambo la kutisha kuliko boila linalopiga filimbi ya hatari, mwambie aingie kwenye chumba cha wasomi kumi na wawili akiwa na masizi. Mtafiti alisema yote, mbele ya jopo, bila kupaka rangi. Profesa aligeuka zambarau, kisha kijivu.

"Huyu mzee ametuhujumu!" akasema. "Miezi mitano! Kwa siri!"

"Kwa siri?" Mwenyekiti akasukuma miwani. "Mzee, hukumwambia mtu yeyote?"

Mzee Boila alitazama viatu vyake. Hakutaka kumtaja mtu. Lakini kwenye kona, Dada Daftari alikuwa ameshaanza kupekua kurasa, uso umemwiva kama nyanya. Akasimama.

"Aliniambia mimi," akasema. "Mwezi wa pili. Imo kwenye taarifa yetu, kiambatisho cha tatu, ukurasa wa arobaini na moja." Akasoma: "'Boila haliachwi lipoe. Wamesema nizime, nimewaitikia, lakini naliachia roho kidogo na bomba lao nalipasha robo lisishtuke. Wakiumia watanilaumu mimi.' Mimi niliiweka chini ya kichwa cha 'Hisia za Wafanyakazi.' Sikujua robo ni nini."

Dada Daftari akaifunga taarifa, akakaa.

"Nani hapa alisoma kiambatisho cha tatu?" akauliza Mwenyekiti.

Mchumi akatazama dari. Mwanasheria akakunja karatasi. Profesa akatoa leso. Mtafiti ndiye peke yake aliyeinua kichwa. "Sikusoma," akasema. "Nilisoma majedwali tu."

"Idara tano," akasema Mwenyekiti, "chumba kimoja, na jibu mlikuwa nalo tangu mwezi wa pili." Akaandika kitu kwa muda mrefu, na kila mstari wa kalamu ile ulimpita Mzee Boila shingoni. "Hospitali hawatatia saini kesho. Tasnifu hairuhusiwi kwenda mbele ikiwa hivi. Mtapima upya, na zile Jumapili mtaziweka mezani, ndizo siku pekee mlizonazo. Na wewe, mzee."

"Naam."

"Mvuke upo?"

"Upo, mama."

"Basi nenda kafungue, wanafunzi wale. Baada ya hapo lizime. Na safari hii nataka nilisikie limezima."

Alifungua yote, si robo. Mluzi ukapanda, bomba likagonga mara mbili, na jikoni sufuria zikaanza kuimba. Wanafunzi walikula saa tisa, wakinung'unika, bila kujua wanakula mvuke wa mwisho. Mpishi Mkuu alimletea sahani, akaiweka juu ya pipa, akaondoka bila utani. Kwake yeye hiyo ni kama matanga.

Ijumaa asubuhi alipewa barua ya onyo yenye mihuri miwili. Jumamosi aliweka mgongo wa mkono kwenye boila, na kwa mara ya kwanza tangu awe na nywele nyeusi, boila lilikuwa baridi. Lile alilokuwa akiliogopa miaka yote lilikuwa limetokea, na halikupasua kitu. Lilinyamaza tu. Akakaa nalo kidogo, kama unavyokaa na mgonjwa aliyelala.

Halafu wakamfukuza, kwa heshima. Mtafiti mwenyewe alimwambia getini, "Baba, tunahitaji siku ishirini na moja ambazo zote ni Jumapili. Usije. Tafadhali. Hata kupita usipite."

"Yaani mchango wangu kwa sayansi ni kulala nyumbani?"

"Ndio mkubwa kuliko yote," akasema, na ndiyo mara ya kwanza wiki ile alimwona akitabasamu, ingawa tabasamu lenyewe lilikuwa na uchovu wa mwaka mzima. Tasnifu ilisogezwa mbele miezi minane. Mama yake alikuwa bado hajaambiwa.

Nyumbani, mkewe alikata vitambaa na kumkata yeye. "Karibu, profesa wa usingizi. Leo umegundua nini, godoro?" Kila saa kumi na moja jioni simu ilikuwa inalia mara moja, ujumbe wa Mtafiti, namba tupu ya joto la tangi, bila salamu. Binti yao mkunga naye aliacha kupiga kwa siku nne, halafu akapiga, akasema, "Baba, wamesema tangi letu litakuwa kubwa zaidi, na boila letu linabaki mpaka wahakikishe. Tutasubiri. Afadhali kusubiri, eti?"

"Afadhali," akasema.

Wiki ya tatu mawingu yalirudi. Kabla ya hapo Mtafiti alikuwa amempigia, safari hii kwa sauti. "Baba, ile shingo ya tangi. Pale ulipoweka mkono Jumatano ile. Nikuulize vizuri, ulihisi nini?" Wakaongea nusu saa, mzee akionyesha kwa mikono kwenye simu kana kwamba mtu anamwona. Kesho yake wakaizungushia shingo ile blanketi mara tatu. Ikabaki kuona siku ya tatu bila jua. Mia na kumi na tano ndiyo ilikuwa inatafutwa.

Siku hiyo, tangu saa kumi, Mzee Boila alikaa mbele ya nyumba, simu gotini, mawingu juu. Mkewe aliacha cherehani, akaja kukaa kwenye kidato cha mlango.

"Baba watoto."

"Mm."

"Mbona umeushika mkono wa kiti namna hiyo? Unataka kuufungua?"

Akautazama mkono wake. Ulikuwa umeushika mkono wa kiti kama gurudumu, tayari kwa robo. Akauachia, akauweka juu ya goti, akaukalisha na ule mwingine.

Simu ikalia. Akaisogeza mbali, halafu karibu, mpaka namba ikasimama.

"Ngapi?" akauliza mkewe.

"Mia na kumi na nne na nusu."

"Haijafika."

"Haijafika," akasema Mzee Boila. Akakaa, akaitazama ile nusu iliyopungua, nusu ya digrii, ambayo mtu mwenye mbao mbili za useremala angeiziba kabla chai haijapoa. Kisha akaanza kuandika kwa kidole kimoja, taratibu, akiuma ulimi: "Binti. Ni ya kweli hiyo. Sasa angalieni na kifuniko cha juu cha tangi."